Ngoma ya Shangazi na Fedha za Tamasha

Sisi Wagogo tumezoea kutaniwa kwa jambo moja. Ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba kwenu ni Dodoma, hakosekani mtu wa kukuuliza bakuli lako umeliacha wapi. Tunacheka nao, maana utani ni utani, lakini una chanzo chake. Nchi yetu ni kame. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, na katikati hapo huweza kukatika majuma matatu, uwele ukaungua ukiwa umefika magotini. Wazee walitusimulia habari za Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Watu walikwenda kuhemea nchi za mbali, na wengi hawakurudi.

Kwa hiyo neno "msaada" halituingii masikioni kama linavyowaingia watu wa nchi zenye migomba. Kwetu neno hilo lina mwiba. Nimeanza na hili kwa sababu nataka kuandika juu ya matamasha ya muziki na mifuko ya hisani inayoambatana nayo, ile inayokusudia kuwainua wasanii chipukizi na vijiji walikotoka. Ni jambo jema, nami silipingi. Lakini niliwahi kuwa katibu wa jambo kama hilo kijijini kwetu, na mkono wangu ndio ulioliharibu.

Msomaji asiyetufahamu aelewe kwanza kwamba ngoma za Ugogo hazikuwa maonyesho. Kulikuwa na muheme, ngoma ya wanawake, ambao huzibana ngoma kati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, nayo ilihusiana na unyago wa mabinti. Kulikuwa na nindo, uimbaji wa sauti nyingi ambao wataalamu wa muziki wa Ulaya wamekuja kuusikiliza wakiwa wamefumba macho. Kulikuwa na msunyunho na chipande, na vyombo vya mtu mmoja mmoja kama izeze ya nyuzi na ilimba ya vijiti vya chuma. Wakati wake mkubwa ulikuwa baada ya mavuno, Juni na Julai, ghala zikiwa na kitu na upepo wa baridi ukivuma. Kijiji kilikialika kijiji. Mwenyeji alichinja na kupika ugali, akina mama walikuwa wamekwisha kuandaa pombe ya mtama siku kadhaa nyuma, na wageni walilipa kwa kucheza hadi alfajiri. Mwaka uliofuata mialiko iligeuka. Hakuna aliyeitwa mfadhili wala aliyeitwa mfadhiliwa. Aliyekula kwako leo alijua kwamba kesho atakulisha.

Wamisionari walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na kwa muda mrefu waumini wengi walifundishwa kwamba ngoma ni mambo ya giza. Sitalirefusha hilo. Nasema tu kwamba katika utoto wangu wapo waliochapwa shuleni Jumatatu kwa kuonekana ngomani Jumamosi, nami nilikuwa mmoja wao.

Upepo uligeuka baada ya Uhuru. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962, alisikitika kwamba tulikuwa tumefundishwa kuona fahari kucheza ngoma za Wazungu huku hatuzijui zetu, akaunda wizara ya utamaduni. Ndipo vijiji vikaanza kutafutwa. Kutoka kijiji cha Doduma alipatikana kijana mchunga ng'ombe, Hukwe Zawose, ambaye sauti yake iliweza kushuka kama ngurumo na kupanda kama filimbi ndani ya pumzi moja. Katika miaka ya 1960 Mwalimu alimwita Dar es Salaam akatumikie taifa kwa muziki wake. Baadaye makazi yake yakawa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Huko pwani, kilomita mamia kutoka Ugogo, ukoo wa Zawose ukaota mizizi, watoto wakazaliwa wakisikia bahari na kuimba Kigogo.

Wakati huohuo, Uingereza lilikuwa likizaliwa tamasha ambalo lingekutana naye. Julai 1982, huko Shepton Mallet, mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake waliandaa tamasha la kwanza la WOMAD. Wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaa moja na bendi za roki za Kiingereza, na waliokuwepo hawajaacha kusimulia. Fedha, hata hivyo, hazikutosha hata chembe. Waandaaji walibaki na deni kubwa kiasi kwamba Oktoba ya mwaka huo bendi ya Genesis, ambayo Gabriel alikuwa ameihama, ilikusanyika naye tena kwa onyesho moja la kumwokoa. Mwaka 1983 ikaundwa taasisi ya hisani, WOMAD Foundation, ifanye kazi ya elimu: kuwapeleka wanamuziki mashuleni na kuendesha warsha. Ninaipenda historia hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba hata tamasha la Wazungu lilianza kwa kuokolewa na marafiki. Sisi si ombaomba wa kwanza duniani.

Hukwe Zawose alisafiri sana na tamasha hilo. Kampuni ya Real World, iliyo ya Gabriel, ilitoa albamu yake ya "Chibite" mwaka 1996, na mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles walisafiri na Gabriel katika maonyesho ya Amerika ya Kaskazini. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki.

Nilisikia habari za msiba ule nikiwa kazini, nikajiuliza swali ambalo sijalimaliza: Doduma ilibaki na nini? Sisemi kwamba mtu alidhulumiwa, wala sina ushahidi wa kusema hivyo. Mzee aliilea kwa muziki wake familia kubwa kuliko wengi wetu tuliovaa tai, na kazi yake haikufa. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya "Uhamiaji" mwaka 2017, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajiitao The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya "Maisha" kwa Real World ileile. Wanawake ambao kwa miaka mingi waliimba nyuma ya wanaume sasa wamesimama mbele. Hilo peke yake ni historia. Ila barabara yote hii ilikuwa ya kutoka. Kijiji kilitoa, taifa likapokea, dunia ikapokea. Njia ya kurudi haikuchorwa na yeyote, na nadhani haikuwa kwa ubaya, bali haikumpitia mtu akilini.

Sasa nije kwenye habari yangu.

Mwaka 2012 kikundi cha muheme cha kijiji chetu kilikuwa na akina mama 22. Aliyeongoza ni shangazi yangu, dada wa baba. Umri wake hakuna aliyeujua. Yeye alisema alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja miaka mingi. Mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka kutafuta vikundi aliwasikia harusini, akavutiwa. Akatueleza kwamba tamasha fulani huko kwao lina mfuko wa hisani, na kwamba mfuko huo ungeweza kukialika kikundi kwa majuma mawili, na tena kukipa kijiji mradi. Kwa kuwa nilikuwa karani mstaafu na Kiingereza changu kilikuwa bado kinatembea, nikafanywa katibu.

Nilijaza fomu. Palipoulizwa kikundi kina watu wangapi wa kusafiri, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa: 6. Palipoulizwa onyesho ni la muda gani, iliandikwa dakika 8. Muheme haina dakika 8. Dakika nane ni za kukaza ngozi motoni na kusalimiana. Hata hivyo nilitia alama ya vema. Kisha likaja suala la pasipoti. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, na shangazi hakuwa nacho. Kulikuwa na njia ya kiapo cha mahakamani, kwenda mjini mara mbili tatu, kutafuta mashahidi wazee. Nilijua njia hiyo, maana nilikuwa nimewafanyia watu wengine nikiwa kazini. Safari hii nikaona ni usumbufu na muda ni mfupi. Nikawachagua wasichana sita wenye vyeti.

Nilipokwenda kumweleza, alikuwa akipepeta uwele uani. Nikamwamkia, "Mbukwenyi, shangazi," naye akaitikia bila kuinua kichwa. Nikaeleza yote: vyeti, nafasi sita, na mradi ambao kijiji kingepata. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na ngoma kubwa ataipiga nani?" akauliza.

Nikamtaja binti mmoja.

"Yule anaijua mikono. Masikio bado." Akaendelea kupepeta. "Haya baba, nendeni."

Walikwenda, wakarudi. Kila mmoja wa wale sita alirudi na posho iliyozidi mavuno ya familia yake kwa mwaka mzima. Na mradi ulikuja kama ulivyoahidiwa: tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua kwenye paa la shule. Nataka niwe mkweli hapa. Tangi lile ni zuri. Limekwisha kukata kiu ya watoto wengi, nami kila nikipita huligonga ubavuni kusikia maji yamefika wapi. Mtu akiniambia kwamba msaada ule haukufaa kitu, nitambishia.

Ila muheme ilinyamaza. Wale 16 waliobaki walisema waliosafiri ndio wacheze, maana ndio wanaolipwa. Wale sita walijaribu kwenye harusi moja, wakacheza dakika zao nane, wakasimama kama mtu aliyefika mwisho wa kamba. Shangazi aliichukua ngoma kubwa akaiweka ndani, juu ya dari la jikoni, moshi ukawa unaifukiza. Miaka miwili harusi za kijijini kwetu zilichezwa kwa spika za kukodi kutoka mjini. Watoto waliozaliwa kipindi hicho walifikishwa umri wa kutembea bila kusikia muheme.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Mfuko ule haukuwa mwizi, na mgeni hakuwa mwongo. Kosa lilikuwa kwamba jukwaa lilikuwa kwao, saa ilikuwa yao, na hesabu ya watu ilikuwa ya viti vya ndege. Msaada ulipima sanaa yetu kwa kipimo cha chombo kilichoubeba. Na sisi wenyeji, mimi wa kwanza, tulikuwa tayari kuikata ngoma ili itoshe, kwa sababu ya lile bakuli. Aliyelelewa kwa hadithi za Mtunya hupokea kwanza, maswali baadaye.

Ndiyo maana habari za Chamwino zilinigusa zilipofika. Chamwino iko mashariki ya mji wa Dodoma, jirani na Buigiri. Wengi huijua kwa Ikulu, ambayo jengo lake jipya lilizinduliwa Mei 2023, na wazee huikumbuka kwa Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Mwalimu alipokaa huko na wanakijiji kujenga kijiji cha ujamaa. Hapohapo Kedmon Mapana, mzaliwa wa kijiji cha Nzali, aliyekuwa akifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha kituo cha sanaa, na mwaka 2009 likafanyika Tamasha la Muziki wa Wagogo kwa mara ya kwanza. Mapana ni msomi aliyeandika juu ya muheme hiyohiyo, jinsi ilivyobadilika kutoka unyagoni hadi kwenye mikutano ya siasa; mwaka 2022 aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa. Nzali yenyewe imekwisha kupata sifa: Mhispania Polo Vallejo aliuchunguza muziki wake kwa miaka mingi, na filamu ya muziki wa kijiji hicho ikatoka mwaka 2011.

Jambo lililonivutia Chamwino si ukubwa, maana si kubwa. Ni kwamba mgeni ndiye anayesafiri. Tamasha hufanyika Julai, majira yetu ya ngoma, na anayetaka kuisikia nindo apande basi aje ale vumbi na sisi. Vikundi huja vizima kutoka vijijini, wazee, watoto na vilema wao. Kituo kinabaki pale tamasha likiisha, na mtoto wa jirani anaweza kujifunza izeze Oktoba, wakati hakuna Mzungu hata mmoja.

Sitaki nionekane ninahubiri kwamba fedha za nje si muhimu. Zanzibar wana Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004 na kujengewa jina la kuthamini muziki unaopigwa papo hapo. Pamoja na sifa zote hizo, mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu wafadhili walipungua na fedha hazikutimia. Likarudi mwaka 2017. Ikiwa Zanzibar yenye hoteli na watalii iliweza kukwama hivyo, Chamwino itasemaje? Ngoma za vijijini zinahitaji lori, na lori linahitaji dizeli. Ngozi huchanika. Watu 22 hula. Mfuko wa hisani ulioshikamana na tamasha ungefanya kazi kubwa kwa kulipia vitu hivyo tu, visivyopendeza kwenye picha, na kuwaachia wenyewe waamue nani anacheza na kwa muda gani. Ungeongeza jambo moja, nakala ya kila sauti iliyorekodiwa irudi kijijini ilikotoka, basi mimi ningeutia sahihi leo.

Mwaka 2015 nilikwenda tena uani kwa shangazi. Safari hii sikuwa na fomu. Nilikuwa na daftari la michango ya lori, ukurasa mmoja, majina na shilingi elfu mbili mbili. Nikamwambia tunataka kwenda Chamwino, wote, na kwamba kama yeye haendi hakuna safari. Nikamwomba radhi pia, ingawa nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe.

Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniagiza nipande darini. Ngoma ilikuwa nyeusi kwa masizi. Tulipoiteremsha ngozi ilikuwa imepasuka ukingoni.

Tulipanda lori watu 31, maana akina mama wengine walibeba watoto na waume wawili walijipenyeza. Wale wasichana sita walikaa nyuma kabisa na ngoma ndogo, na hadi tunafika lami hawakusemeshwa. Pale Chamwino tulipewa chakula kama wageni wapewavyo. Jioni zamu yetu ilipofika, shangazi aliketi, akaibana ngoma kubwa kati ya mapaja, akapiga pigo moja, akasubiri. Yule binti mwenye mikono alijibu. Shangazi akageuka kumtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaongeza la pili. Ilikwenda kama dakika 40. Hakuna aliyetuonyesha saa.

Tulipomaliza, kijana mmoja wa nje mwenye kinasa sauti alimkaribia, akamuuliza kupitia kwangu kama kuna msaada wowote ambao kikundi kinahitaji. Nilitafsiri nikiwa na woga, nikijua neno lile lina mwiba.

"Mwambie ngozi," alisema shangazi akijifuta jasho. "Mbili, za mbuzi, za ngoma ndogo. Hii kubwa nitaivisha mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Na mwakani aje kwetu, Julai. Mimi ndiye nitakayepika."

Nikatafsiri. Kijana akaitikia kwa kichwa, hajui aandike nini. Shangazi akanigeukia.

"Wewe andika kwenye daftari lako, baba. Ngozi mbili. Na mgeni mmoja."